Mate ya Shangazi

Kishindo alikuwa bingwa wa mita mia nane miaka kumi na mmoja mfululizo, na wanaosema kivuli chake kilikuwa kikimfikia kesho yake wametia chumvi kidogo tu. Medali zilijaa kabatini hadi vikombe vya chai vikahamia chini ya kitanda. Lakini kuna mshindani mmoja ambaye hakuwahi kumweza: mate ya shangazi yake.

Shangazi mtu, fundi cherehani, ndiye aliyemlea. Akiishiwa uzi hakuwa na maneno mengi. Hutema mate kwenye saruji ya mlangoni, kisha humwambia mtoto arudi kabla hayajakauka. Kwenda dukani na kurudi, ukizunguka ukuta wa kiwanda, ni mita mia nane kamili. Mtoto huchomoka kama mshale. Mbwa wa jirani alimfukuza wiki mbili, akaacha kazi. Na kila aliporudi akitweta, uzi mkononi, alikuta saruji kavu. Shangazi hakuinua hata macho kwenye sindano.

"Yamekauka zamani, mwanangu. Labda kesho."

Kesho hizo ndizo zilizomfikisha kwenye ubingwa.

Sasa magoti yalishaanza kulia kama bawaba. Siku ya mbio zake za mwisho Kishindo hakutaka medali. Alitaka, japo mara moja, kuyakuta mate yale mabichi. Akamketisha shangazi safu ya mbele, penye mstari wa kumalizia, akamwomba ateme kwenye saruji ya miguuni pake. Bastola ilipolia, shangazi akatema.

Mzunguko wa kwanza Kishindo alikuwa wa tano. Mzunguko wa pili akaikumbuka ile saruji ya mlangoni, akawapita wote kama mtu aliyeacha chungu motoni. Akavuka mstari, na hakusimama: wapiga picha kulia, yeye kushoto, akaruka kizuizi, akafunga breki miguuni pa shangazi.

Saruji kavu. Ila kandambili moja ya shangazi ilikuwa imekaa upande, kama iliyokwama safarini.

"Shangazi, inua mguu."

"Goti linaniuma."

"Inua."

Akauinua. Mate yalikuwa pale, nusu yamefutwa, nusu yanang'aa.

"Kumbe miaka yote ulikuwa unayafuta?"

"Ningeyaacha, ungekimbilia nini?"

Kipaza sauti kikamwita bingwa jukwaani mara ya tatu. Shangazi akamwambia asicheleweshe watu, na kwa mazoea akatema. Kishindo akayatazama, akacheka mpaka akashika mbavu.

Kisha akaenda kuchukua medali yake akitembea, akisalimia watu njia nzima.