Madigadi ya Kulia

Tairi liligusa chuma kwenye kona ya pili, pale barabara ya mawe ya mtaa wa Mbugangari inapoinama kabla ya kupanda tena. Ulikuwa mkwaruzo mfupi, mkavu, kama kijiko kinachoparua ukoko wa sufuria. Rayhana alikuwa kwenye kiti cha abiria, shingo nje ya dirisha, masikio kayaelekeza nyuma. Aliusikia hadi kwenye meno.

Shema naye aliusikia. Alisimamisha ile Datsun katikati ya barabara, pikipiki zikimpigia honi kwa hasira, akamgeukia.

"Ulisema rimu zitaingia."

"Nilisema."

"Bila kukata."

"Bila kukata," alijibu Rayhana.

Hakuna aliyemlazimisha kusema. Shema, kijana aliyezaliwa Tanzania na kurudi nyumbani na wazazi wake, alikuwa amelikuta gari hilo kwenye banda moja huko Nyakiriba, limefunikwa magunia matupu ya viazi. Lilikuwa la mwaka sabini na tatu, milango miwili, viti viwili, pua ndefu. Injini ilihitaji huruma, lakini bodi yake ilikuwa chuma tupu cha kiwandani, hakijawahi kupigwa nyundo wala kuzibwa kwa puti. Alitaka kulivua rimu zake nyembamba za inchi nne na nusu, alivike za inchi saba na matairi mapana. Harerimana, mwenye garaji, alizunguka gari mara moja tu na kutoa hukumu: kingo za madigadi zikatwe.

Ndipo Rayhana alipojitia kati. Alikuwa na diploma ya ufundi, na kwa miaka miwili diploma hiyo ilikuwa imemweka langoni akiziba pancha. Alipima kwa ubao na uzi, akarudia, kisha akatamka mbele ya mafundi wote kwamba rimu zile zitaingia bila kugusa chuma, mradi springi, shokamzoba na bushi zote ziwe mpya. Harerimana alicheka mpaka akafuta macho.

"Bon," alisema siku ile. "Fanya. Ikiingia, unabaki chini ya gari kama fundi. Ikigusa, unarudi kwa mupira zako, na sitaki kusikia tena habari ya uzi."

Sasa lilikuwa limegusa.

Walirudi garajini polepole. Harerimana hakuuliza, alisoma nyuso zao, akachuchumaa kwenye gurudumu la nyuma la kulia, akapitisha kidole juu ya tairi. Palikuwa na mstari uliong'aa, mwembamba kama njiti ya kiberiti.

"Iko inagusa," alisema, bila furaha na bila huzuni. Aliinuka, akachukua grenda ukutani, akaichomeka kwenye umeme. Kisha akatoa chaki sikioni na kuchora mstari kwenye ukingo wa madigadi. "Milimita kumi. Nusu saa tu, nimemaliza."

"Patron, ngoja," Rayhana alimwambia bosi wake.

"Ningoje nini? Ipungue yenyewe?"

"Nipe saa moja."

"Saa moja ya uzi!" Harerimana alimgeukia Shema. "Patron wangu, we ndiye mwenye voiture, gari ni yako. Ile njia ya Kigali iko na kona ngapi? Ile chuma itakula mupira kama kisu. Mupira ikipasuka kwenye kona, hakuna mutu atauliza kama madigadi ilikuwa ya kiwandani."

Alisema kweli, na hilo ndilo lililomkata Rayhana maini. Shema alitazama saa yake. Ilikuwa saa nne na nusu asubuhi. Saa saba alitakiwa awe njiani. Wenzake wenye magari ya zamani walikuwa wakimngoja Kigali kabla ya jua kuzama.

"Nipe sababu moja, dada," alisema. "Moja tu."

"Linagusa kulia peke yake. Rimu ni zilezile, matairi ni yaleyale. Kwa nini kushoto haligusi?"

"Kwa sababu ni chuma ya zamani, imepinda," alidakia Harerimana. "Iko na miaka hamsini. Hata mi nimepinda."

Mafundi wengine walicheka. Shema hakucheka.

"Saa moja," alisema. "Ikiisha, mzee akate."

Harerimana aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, grenda mapajani, kidole karibu na swichi.

Rayhana aliliegesha gari sakafuni palipo tambarare, akachukua utepe wa kupimia. Kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi: kulia, sentimita thelathini na tano. Alizunguka kwenda kushoto, akapima, akatoa macho. Thelathini na nane. Alipima tena, mara hii akiubana utepe kwa ukucha. Thelathini na nane.

Kwa hiyo kulia hakukuwa kumepinda, wala tairi halikuwa pana kupita kiasi. Kushoto kulikuwa kumeshikiliwa juu, na uzito ulikuwa umeangukia upande wa pili. Swali lilikuwa ni kitu gani kimeushikilia upande huo.

Aliingia chini kwa mgongo, taa ya simu mdomoni. Upande wa kulia, kwenye boliti mbili zinazoshika mkono wa gurudumu, aliona alama zake mwenyewe: mistari ya rangi nyekundu ya kucha. Kila boliti aliyoifunga hadi mwisho aliipaka, asije akasahau. Alijiburuta kwenda kushoto. Boliti za huko hazikuwa na rangi. Kwenye kila kichwa palikuwa na kovu dogo la patasi.

Hakuna aliyetia alama ya patasi katika garaji ile isipokuwa mtu mmoja.

Alilala pale bila kusogea, mafuta yakimdondokea begani. Ilikuwa Ijumaa, alikumbuka sasa. Alikuwa ameziacha boliti za kushoto zikiwa legelege makusudi, gari likining'inia kwenye stendi, akaenda msikitini. Aliporudi alizikuta zimekazwa, na Harerimana akamwambia kwa ukarimu, "Nimekusaidia ile upande." Yeye akashukuru. Hakuuliza kama gari lilikuwa limeshushwa kwanza, kisha likainuliwa tena. Nani angemuuliza Harerimana swali kama hilo? Jioni alilishusha, akafunga upande wa kulia jinsi inavyotakiwa, magurudumu yakiwa chini.

Bushi ni raba iliyokazwa ndani ya pete ya chuma. Ukiifunga gari likining'inia, inaganda katika mkao ule wa kuning'inia. Ukilishusha, raba inajisokota na kusukuma gari juu, inataka kurudi ilikofungwa. Kwa minibasi la mizigo huenda dereva asione chochote. Kwa gari ambalo kati ya tairi lake na chuma hapapiti kidole, ni balaa.

Alitoka chini. Shema alikuwa amesimama palepale.

"Umeona nini?"

Harerimana alikuwa hatua tatu tu kutoka pale. Rayhana alifikiri kusema springi imekaa vibaya. Lingekuwa neno jepesi, lisiloumiza mtu. Lakini kazi aliyotaka kuifanya ingeonekana na kila mwenye macho, na mzee yule angeitambua kabla spana haijazunguka.

"Boliti za nyuma kushoto zilifungwa gari likiwa hewani," alisema.

Aliyekuwa akigonga bati huko nyuma aliacha.

"Nani amekuambia?" aliuliza Harerimana.

"Bushi zenyewe, Patron. Na alama ya patasi."

Mzee aliinuka kutoka kwenye ndoo. Mshipa wa shingo ulikuwa umemsimama. "Mi nafunga boliti miaka makumi tatu. Nafunga hewani, nafunga chini, nafunga kwenye matope. Hakuna gari imerudi kunilalamikia."

"Hakuna iliyokuwa na nafasi ndogo kama hii."

"We mutoto unanifundisha? Mbele ya mteja?"

"Sikufundishi, Patron. Naomba kuzifungua."

Mzee akasema taratibu, na upole ule ulitisha kuliko kelele: "Fungua. Lakini ukitoka pale chini na bado inagusa, mi nakata, na wewe unatoka kwa huu mulango. Hata pancha, hapana."

"Sawa," alisema Rayhana.

Alihitaji uzito: wa dereva, wa abiria, wa mizigo, kama gari litakavyokuwa njiani. Langoni walikuwa wamepumzika wanawake wawili wanaovusha mboga kwenda Goma, ng'ambo ya mpaka, kila siku, Verediane na Nyirarukundo, na magunia yao manne ya karoti. Aliwaendea mbio.

"Mama Verediane, Mama Nyirarukundo, njooni mkae ndani ya gari. Dakika kumi."

"Mu ile voiture ya patron?" Verediane alitazama kanga yake yenye udongo. "Na hii matope?"

"Na karoti pia."

"Karoti inapanda, mi nabaki?" Nyirarukundo alikuwa ameshasimama. "Niko kilo makumi tisa, usimwambie mutu."

"Ndizo ninazozitaka."

Waliliweka gari juu ya vipande vinne vya mbao nene, kila gurudumu na chake, ili mtu aweze kujipenyeza chini. Jeki hairuhusiwi hapo. Gari lazima lisimame kwa miguu yake. Magunia yaliingia nyuma, wanawake wakaingia mbele wakisukumana.

"Ukizilegeza, litashuka?" aliuliza Shema.

"Litashuka."

"Kiasi gani?"

"Vidole viwili," alisema Rayhana, na akaomba kimoyomoyo visiwe vinne. Kati ya kifua chake na chuma hapakuwa na shibiri moja.

Aliingia. Alichomeka bomba kwenye mpini wa spana kuongeza urefu, akavuta. Boliti haikutikisika. Alivuta tena, spana ikachomoka, ngozi ya vifundo vya vidole ikabaki kwenye chuma. Juu yake aliwasikia wanawake wakinong'ona. Alirudisha spana mahali pake, akakanyaga tairi kwa kisigino, akavuta kwa mgongo wote.

Ikalia kama kuni kavu inayovunjwa gotini. Gari lilishuka kwa kishindo.

"Mana yanjye! Mungu wangu!" walipiga kelele wanawake.

Bomba la moshi lilisimama upana wa kidole kutoka kidevuni mwake. Rayhana alifumba macho, akayafumbua. Aliona uso wa Harerimana ubavuni, umelazwa kwenye sakafu ya mafuta, macho yamemtoka.

"Rayhana! We mwana! Uko muzima?"

"Niko mzima."

"Toka huko!"

"Bado moja."

"Nimesema toka!"

Alikuwa ameshaikamata ya pili. Hiyo ilikubali kwa mguno tu. Alilegeza na za kulia, ili pande zote zianze sawa. "Mama Nyirarukundo!" aliita. "Rukaruka kidogo kwenye kiti!"

Gari liliyumba juu na chini, wanawake wakicheka kicheko cha woga, kisha likatulia lilipotaka kutulia lenyewe. Alimulika raba moja baada ya nyingine, hakuna iliyochanika. Akafunga boliti zote nne, damu ikiifanya spana iteleze.

Alipotoka alipima bila kumtazama mtu. Kushoto, thelathini na sita. Kulia, thelathini na sita.

Utepe haukutosha, ilibaki barabara. Waliliondoa gari kwenye mbao, akapaka chaki nyingi kwenye ukingo wa ndani wa madigadi, kote kulia na kushoto. Tairi likigusa, litailamba. Nyirarukundo alishuka, Shema akashika usukani, Verediane akabaki kitini kama abiria.

"Karoti zangu zikifika Kigali," Nyirarukundo alimwambia Rayhana, "nitakula wewe."

Datsun ilitoka langoni, ikashika barabara ya mawe, ikapotea nyuma ya duka la mshonaji. Waliisikia ikibadilisha gia. Waliisikia ikiinama kwenye kona ya kwanza. Kisha pikipiki ikapita na kufunika kila kitu, na ilipokwisha kupita hapakuwa na sauti ya gari.

Rayhana alihesabu pumzi zake. Harerimana alisimama kando yake, mikono nyuma. Ilipita dakika moja, ikapita ya pili. Shema alikuwa amesimama? Tairi lilikuwa limepasuka? Alijikuta amekunja ngumi mpaka jeraha likafunguka tena.

Gari lilijitokeza upande wa pili wa mtaa. Shema alikuwa amezunguka mbali kuliko walivyokubaliana, amepita kona zote mara mbili. Aliingia, akazima injini.

"Sikusikia kitu," alisema. "Lakini huyu mama alikuwa anapiga kelele."

"Sikuwa napiga kelele," alisema Verediane. "Nilikuwa naomba."

Rayhana alipiga magoti kulia. Harerimana alipiga magoti kando yake, tochi mkononi. Alimulika kuanzia mbele ya gurudumu hadi nyuma, akarudia, akaingiza kidole na kukitoa cheupe. Alitafuta kama mtu anayetaka kupata. Chaki ilikuwa pale pote, haijaguswa. Tairi lilikuwa jeusi, safi.

"Hakuna," alisema hatimaye.

Akaenda kushoto, akamulika. "Hakuna."

Shema alivuta pumzi. Akamtazama mmoja, akamtazama mwingine. "Sasa nani alizifunga zile za kushoto mara ya kwanza?"

Rayhana alifungua mdomo aseme ni kosa la garaji.

"Mi," alisema Harerimana. Alikuwa bado amepiga magoti, na ilimchukua muda kuinuka. "Ni mi nilizifunga. Nilitaka kumusaidia."

Nyirarukundo alikuwa tayari anashusha magunia yake, akihesabu kwa sauti.

"Na za mbele je?" aliuliza Shema.

"Muulize yeye."

Rayhana alikuwa ameegemea mlango wa gari. "Za mbele nilifunga mwenyewe, gari likiwa chini," alisema. "Ukifika Musanze simama, pitisha mkono upande wa ndani wa matairi yote manne. Ukikuta mstari wowote, usiendelee. Nipigie."

"Nikupigie wewe au nimpigie patron?"

Harerimana alikuwa ameshawapa mgongo, anakusanya waya wa umeme sakafuni.

"Amesema umpigie yeye," alijibu bila kugeuka. "Masikio yako ni ya kazi gani?"