Siku Baba Alipowaita Njiwa

Kaka aliuweka mezani, katikati ya vikombe vya chai: mguu wa njiwa, mwembamba kama njiti ya kiberiti, umefungwa uzi wa buluu. Hakuna aliyeuliza uzi ule umetoka wapi. Baba alikuwa fundi cherehani, na kila njiwa wake alikuwa amemfunga uzi kama huo.

"Umetolewa kwenye injini," kaka alisema. Hata sare ya uwanja wa ndege alikuwa hajavua; kazi yake kule ilikuwa kufukuza ndege wa angani wasikatize njia ya kurukia. "Ndege ya abiria ndiyo kwanza inapaa, injini moja ikashika moto. Rubani kageuza, katua. Mungu tu."

"Na dampo je?" niliwaka. "Dampo la jiji limeegemea ukuta wenu, korongo wamesimama pale kama wajumbe wa kamati wanaosubiri posho, wala hakuna anayeligusa. Ila njiwa wa mzee mmoja ndio mmewaona!"

"Dada, punguza sauti. Hapa si mkutanoni."

"Ndiyo maana nasema kwa upole."

Baba alikuwa anaugeuzageuza ule mguu kiganjani.

Njiwa wawili wa kwanza alimnunulia mama, mwaka miguu yake ilipokataa, ili awe na cha kutazama dirishani. Tulipomzika, walikuwa kundi zima. Baba akawa anazungumza nao kuliko sisi. Akipiga mluzi, mrefu mmoja na mfupi mmoja, walimwagika kutoka paani hadi mabegani mwake. Kaka aliwahi kuwahamishia kwa shangazi, mji wa pili. Walimtangulia kurudi nyumbani. Wao hawakupanga foleni ya basi.

Asubuhi iliyofuata niliwapanga majirani langoni. Gari la uwanja wa ndege likaja na wanaume wenye nyavu na bunduki, kaka akiwa kati yao. Nikapaza sauti kwamba hapaingii mtu. Majirani wakaitikia. Baba akatoka, amevaa koti aliloshona mwenyewe.

"Mwanangu, waambie watu wakanywe chai."

"Baba, leo ukiwapa njiwa, kesho watataka paa! Mnyonge akirudi nyuma hatua moja..."

"Ndani ya ile ndege mlikuwa na watoto wa watu," alisema.

Mimi, niliyewahi kumkimbiza diwani mkutanoni kwa maneno, nikasogea kando ya lango.

Akamgeukia kaka. "Wenzako wabaki nje. Nyavu zitawatia hofu."

"Baba, niachie mimi."

"Wewe hawakujui."

Akapiga mluzi. Wakaja. Walitua mabegani, mikononi, mmoja juu ya kofia. Aliwachukua mmoja mmoja, akawakumbatia kifuani kama mtu anayewakinga na baridi, na kila mara bega lake lilicheza kidogo tu, shingo ya njiwa ikalegea. Hakuna aliyeruka. Hata wa mwisho, aliyekwisha kuona wenzake, aliinamisha kichwa apapaswe. Kaka alishika gunia, machozi yanamtiririka, mdomo ameubana kama mtoto aliyekatazwa kulia.

Miaka imepita. Nimesimama mbele ya kila mkubwa wa jiji hili, nimetolewa kwa kushikwa mkono, nimerudi. Wanasema nina kinyongo. Ninacho. Dampo liko palepale, korongo wameongezeka, na kila mkubwa mpya huja kuliangalia akiwa ameziba pua, kisha huondoka. Waliokuwa rahisi kuondolewa walishaondolewa, kwa mikono ya aliyewapenda.

Mchana ule, gunia lilipokwisha kupelekwa, baba alikaa kizingitini na beseni la maji, ananawa. Ndege ya abiria ikapita juu yetu, chini kabisa, mabati yakatetemeka. Akaacha kunawa. Akasikiliza mpaka ngurumo ikazama nyuma ya ukuta wa uwanja.

"Imetua?" aliniuliza.

Nikapanda juu ya kiti, nikachungulia.

"Imetua, baba."

"Salama?"

"Salama."

Akaitikia kwa kichwa, akairudisha mikono majini.