Mama Mkwe Njiani

Mimi kukaa sijui. Mama yangu, Anyait, alipenda kusema kwamba nilitembea kabla sijatambaa, na ingawa huo ni uongo wa akina mama, miguu yangu huuamini. Mwaka wa sabini na sita, malori yaliposimama Malaba wiki baada ya wiki yakingoja kuvuka kwenda Uganda, mimi niliyekuwa utingo nilikaribia kupata wazimu. Madereva walilala chini ya malori yao, wakacheza drafti, wakanenepa. Mimi nilitembea. Leo Amukura, kesho Busia, kuuliza tu kama kuna gari linalosonga. Nilipata kazi tano mwaka huo na nikaziacha zote. Ile ya kufyatua matofali niliiacha kabla ya chai ya saa nne.

Mke wangu Nafula alivumilia, kisha akachoka. Siku moja, mtoto akiwa mgongoni, aliniuliza, "Mimi niliolewa na mtu ama niliolewa na barabara?" Nikatoka nje kutafuta jibu. Niliporudi, mlango ulikuwa umefungwa kwa kamba. Alikuwa amekwenda kwao Sio Port, kando ya ziwa. Baba yake, mzee Protus, alinitumia salamu kupitia kwa dereva mmoja: nikipata kazi ya kukaa nimfuate binti yake, kabla ya hapo nisipoteze nauli.

Basi niliposikia kuna mbio Funyula, nilijua ni zangu. Kikosi kimoja cha serikali kilitaka wakimbiaji, na bwana wao wa michezo alikuwa ametangaza kwamba wawili wa kwanza wataandikwa kazi siku hiyo hiyo, mshahara wa kila mwezi na nyumba ya mabati. Njia ilichaguliwa kwa ubaya. Unatoka sokoni Funyula, unapanda milima ya Samia, unateremka kwenye mawe mpaka ziwani Sio Port, karani anaandika namba yako, halafu unarudi kwa njia nyingine, kilima baada ya kilima. Kazi ya kukaa, na inapatikana kwa kukimbia. Niliona Mungu ananitania, nikacheka peke yangu.

Tulianza watu arobaini. Nilikimbia bila viatu. Mlima ulinichoma mapafu, lakini kusimama kungenichoma zaidi, na ziwani nilifika wa kwanza. Karani alipokuwa akiandika namba yangu nilitazama zile nyumba juu ya ufuo, nikijua Nafula yumo katika mojawapo, na moyo ukaniuma. Nikageuka. Nyuma yangu, umbali wa shamba moja la mtama, alikuja Ignatius wa Mundika, na nyuma yake Vitalis, mvuvi wa Port Victoria mwenye kifua kipana.

Kwenye kilima cha mwisho njia inapita kati ya miba na mawe, nyembamba hata mbuzi wawili hawapishani. Hapo nilimwona mwanamke akiteremka kutoka kusaga, beseni la unga kichwani, leso ya kijani kiunoni. Niliujua ule mwendo kabla ya kuuona uso. Alikuwa Perez, mama yake Nafula.

Kwetu mtu hakutani na mama mkwe wake uso kwa uso. Ukimwona unaacha njia na kujificha mpaka apite. Perez alikuwa akitazama mawe, hajaniona. Hatua kumi tu ningekuwa nimempita, na nani angejua? Lakini huwezi kwenda kuomba mke arudi huku umemvunjia mama yake heshima njiani. Nikaruka mibani.

Nikachutama nikingoja apite. Hakupita. Nilipochungulia, njia ilikuwa tupu. Kumbe aliniona nikiruka, naye akaingia kwenye kichaka cha upande wa pili, beseni kichwani, akingoja mimi nipite.

Sijui tulikaa hivyo dakika tatu au kumi. Siafu walinipanda nikawaacha. Wanasema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi niliinama, na cha mvunguni kikanipita mbio. Niliposikia vishindo vya Ignatius nilitaka kulia, na alipopita nililia kweli. Ilibaki nafasi moja. Ondoka, Ongodia, nilijiambia, ondoka. Na kila nilipoinua goti niliuona upindo wa ile leso ya kijani. Vitalis naye akapita, akikohoa.

Ndipo sauti ikatoka ng'ambo ya njia. Perez hakusema nami, alisema na mzigo wake.

"Wewe beseni, ambia huyo mtu kama ako kwa mashindano, aende. Mimi nimefunika macho."

Nilitoka kama niliyefunguliwa kamba. Nilimfukuza Vitalis mpaka nikakisikia kikohozi chake, na alipokata mstari nilikuwa hatua nne nyuma yake. Wa tatu. Bwana wa michezo akanipa mkono na chupa ya soda. Niliipasua kwenye jiwe, nikarudi Malaba kwa miguu, siku mbili.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa nafunga begi. Sikujua naenda wapi. Nilijua tu siwezi kubaki. Nafula akaingia, mtoto mgongoni, beseni la unga mikononi. Aliliweka chini bila salamu, akaketi kizingitini.

"Mama anasema ulikaa."

"Nilikaa."

"Mpaka watu wawili wakapita?"

"Wawili."

Akanieleza kwamba mzee Protus bado anauliza kazi iko wapi, na kwamba Perez amemjibu mbele ya watu wote wa nyumbani: mtu aliyeweza kukaa pale, hata kwake ataweza. Kisha akalitazama begi langu. Nililifungua, nikatoa shati, nikalitundika kwenye msumari wake, nikaenda kuketi karibu naye.

Haikupita dakika, mguu wangu ukaanza kuruka wenyewe. Niliushika kwa mikono miwili nikaona aibu. Nafula akaitoa mikono yangu, akamfungua mtoto mgongoni, akamkalisha juu ya goti hilo hilo.

"Basi rusha huyu," akasema, na mtoto akaanza kucheka.