Dawa ya Mzee Osiako

Mzee Osiako alipoanza kulia tena, ungo ulimponyoka Jescah na maharagwe yakatapakaa jikoni kote. Hakuyaokota. Alikimbia hadi nyumba ya mzee, akapita sebuleni, akafika mlango wa chumba cha kulala, na hapo miguu ikagoma.

"Baba," aliita, "umepewa dawa?"

"Nimepewa," mzee alijibu huko ndani, akihema. "Rudi jikoni, mama."

Umepewa dawa halafu unalia hivyo? Jescah alibaki amesimama, mkono karibu na kitasa lakini haukishiki. Na msidhani alikuwa mwoga. Huko kwao, upande wa Matete, mke wa mtoto haingii chumba anacholala baba mkwe. Hamshiki mkono, hakalii kiti chake, na kitanda chake hakioni mpaka mwenyewe awe amekufa. Unaweza kucheka, lakini olewa huko kwanza ndipo ucheke.

Mama mkwe alikuwa ameshafariki na mawifi wameolewa mbali, kwa hiyo kumwosha mzee, kumgeuza na kumnywesha dawa kulikuwa juu ya Cleophas peke yake, mwanawe, mume wa Jescah na baba wa Shantel, binti yao aliye shule ya bweni. Hata Sista Pascalia, muuguzi anayezungukia wagonjwa majumbani, alipoleta ile dawa mara ya kwanza, alimfundishia Cleophas chumbani, na Jescah akajifunza kwa kusimama nje ya dirisha akitega sikio.

Ilikuwa morfini ya maji, ndani ya chupa ya plastiki. Jescah aliposikia jina hilo aliogopa. Akina mama wa kanisani walikuwa wamemwambia hiyo ni dawa ya kumalizia watu, ukiona imeletwa anza kutafuta mbao za sanduku. Wengine wakasema itamgeuza mzee kuwa teja. Sista Pascalia aliposikia hayo alikasirika.

"Teja wa wapi? Saratani imemla huyu baba mpaka mifupa ya nyonga, na ninyi mnaogopa uteja? Mpeni kipimo nilichosema, kila baada ya saa nne, hata kama amenyamaza. Ila chupa muifungie. Asiye mgonjwa akiionja akaipenda, huyo sasa ndiye wa kuogopa."

Na dawa ikafanya kazi, jamani! Mzee aliyekuwa hawezi kuguswa hata na shuka alilala akakoroma. Akaamka akaomba ingokho, supu akaimaliza, kisha akaanza kumtania Jescah kupitia ukutani kwamba huyo kuku alikuwa na umri kumshinda yeye. Jambo moja tu lilimshinda, nalo ni uchungu wa ile dawa mdomoni. Kila akinywa alipiga kelele, "Muwa! Nileteeni muwa, mmeninywesha shubiri!" Jescah alimenya muwa, akaukata vipande vidogo, akampa Cleophas mlangoni aupeleke. Alifurahi sana siku hizo. Aliamini kabisa Mungu amewakumbuka.

Halafu kilio kikarudi, na muwa haukuitishwa tena.

Jescah aliliona hilo, lakini hakutaka kulifikiria, maana kila akilifikiria lilimpeleka kwa mumewe. Cleophas alikuwa dereva wa trekta la kubeba miwa. Mwaka uliopita trela lilimwangukia mguu ukavunjika vibaya, na hospitalini wakampa tramadol. Tusimnyime mtu haki yake, tembe hizo zilimsaidia. Bila hizo asingethubutu kukanyaga chini ajifunze kutembea upya. Lakini mfupa uliunga na tembe hazikuisha. Alizinunua duka moja la dawa, wakimkatalia anahamia lingine, mpaka akawa anapanda boda kwenda Mautuma ambako hawamjui. Akizikosa alitoka jasho, alipiga miayo, aliharisha, akagombeza kila mtu bomani pamoja na kuku. Kisha, tangu dawa ya mzee iingie nyumbani, akawa mtulivu. Akawa mtulivu mno. Alisinzia na kijiko mkononi. Alijikuna pua mpaka ikawa nyekundu. Na macho yake, Mungu wangu, mboni zilikuwa zimebaki vidoadoa. Jescah alijiambia mume amepona. Alijidanganya vizuri tu, bila kusaidiwa na mtu.

Alasiri ya siku hiyo maharagwe yalipotapakaa, mawingu yakiwa yamefunga kama kawaida ya huko, Cleophas alitoka chumbani kwa baba yake na kikombe kidogo cha dawa. Alikiweka kwenye karai la vyombo jikoni, hakumtazama mkewe, akapita nje kuelekea nyuma ya choo. Jescah alikichukua kikombe. Chini kulikuwa na tone. Alilamba.

Maji. Maji matupu ya kisimani.

Kwa hiyo mzee alikuwa anakunywa maji, analala na maumivu, anaamka na maumivu, na huyu mwanamume ambaye Jescah analala naye kitanda kimoja ndiye aliyemfanyia hivyo. Alitaka kupiga nduru. Alitaka pia kukisuuza kikombe haraka, akirudishe rafuni, na asiwe amejua lolote.

Hakupata nafasi ya kuchagua. Pikipiki iliingia bomani, na Sista Pascalia akashuka na mfuko wake. Cleophas mwenyewe ndiye aliyekuwa amempigia simu, kumlalamikia kwamba dawa haimshiki mzee tena. Alikuja mbio kumpokea, na Jescah akawafuata mpaka sebuleni.

"Pole, ndugu yangu," sista alisema, akitoa chupa mpya. "Hii ni kali kuliko ile, na kipimo nimekipandisha. Baba amekwisha kuzoea, kwa hiyo mwili wake utaibeba."

Jescah aliitazama ile chupa. "Sista," alisema, "na kama mtu hajazoea? Akipewa hii yote mara moja?"

"Atalala asiamke. Pumzi itapungua, itapungua, basi. Kwa nini?"

Cleophas aligeuka akamtazama mkewe. Macho hayo Jescah alikuwa ameyaona tangu uchumba, na siku zote hizo hakuwahi kuyaogopa. Sasa aliyaogopa. Cleophas alitikisa kichwa kidogo tu, kumwambia anyamaze.

Na kunyamaza kulikuwa rahisi, jamani! Akisema, mume wake ataitwa mwizi wa dawa ya baba yake, pengine polisi watakuja, na pengine sista atachukua chupa zake zote na mzee abaki hivyohivyo, na kilio chake. Asiposema, dawa kali itaingia humo ndani. Mzee akipewa yote kwa ghafla, amekufa. Cleophas akiinywa yeye, amekufa yeye. Popote alipogeukia aliona jeneza.

"Sema, Mama Shantel," sista alimhimiza.

"Mzee amekuwa akinyweshwa maji," Jescah alisema, na sauti yake mwenyewe ikamtisha.

"Mwongo!" Cleophas aliruka. "Sista, huyu amejuaje? Muulize ameingia lini chumbani kwa baba! Anakaa nje tu, hajui chochote! Muulize!"

Sista Pascalia alimtazama Jescah, akamtazama Cleophas, na alionekana amesita, maana ni kweli, mke wa mtoto angejuaje ya chumbani? Jescah akaona neno lake linaanguka chini hivihivi. Basi akashika kitasa, akasukuma mlango, akaingia.

Harufu ya ugonjwa ilimpokea, na kitanda alichokuwa hajakiona tangu aolewe. Mzee Osiako alivuta blanketi mpaka kidevuni, akageuzia uso ukutani. Alikuwa amekwisha kabisa, mabega yamebaki vijiti.

"Toka, mama!" alilia. "Toka, unatuletea laana!"

Jescah alipiga magoti pale pale sakafuni. Machozi yalikuwa yanamtiririka. "Nisamehe, Baba. Niambie jambo moja nitoke. Kwa nini huitishi muwa?"

Mvua ilianza kupiga mabati. Sista na Cleophas walikuwa wamefika mlangoni, na mzee alipoongea, aliongea bado anautazama ukuta.

"Mwacheni anywe," alisema. "Nilimwona hapa chini akitetemeka, anaita mama yake. Nimezaa huyu. Mimi ninaenda, lakini yeye ana Shantel wa kulea. Kwa hiyo akiniletea maji, ninakunywanga nasema asante."

Cleophas aliteleza na ukuta mpaka akakaa chini. Alifunika uso kwa mikono yote miwili, na kilichomtoka hakikuwa maneno. Jescah hakujua amwonee huruma nani kwanza. Alikuwa na hasira ya kuua na huruma ya kuua, vyote kifuani, vinasukumana.

Sista Pascalia hakupiga kelele wala hakutaja polisi. Ile chupa iliyotiwa maji aliitwaa, na ile kali akairudisha mfukoni. Akatoa nyingine isiyo kali, akapima dozi ndogo ya kuanzia upya, yeye mwenyewe akamnywesha mzee, akakaa akihesabu pumzi zake mpaka uso ule uliokunjamana ukaanza kulegea. Kisha akamwinamia Cleophas.

"Huu ni ugonjwa, na una matibabu. Kesho asubuhi nakuja na gari nikupeleke Kakamega, kuna daktari wa kukuachisha hizo dawa polepole. Usiku huu utateseka, sikufichi. Utatapika, mifupa itauma, utaapa unakufa. Kunywa maji mengi. Lakini dawa ya baba usiiguse." Akainua kichwa. "Nani ataishika?"

Kulikuwa na nani mwingine? "Mimi," Jescah alisema. "Nitakaa humu humu ndani."

"Na mwiko wenu?"

"Mwiko tutautafutia mbuzi."

Sista alimwachia dozi za kufikia asubuhi tu, akaondoka kabla barabara haijageuka matope. Jescah alimwacha Cleophas sebuleni, akaweka komeo la chumba. Alificha kichupa ndani ya blauzi, akaketi ameuegemea mlango kwa mgongo.

Jioni haijaingia vizuri, Cleophas alianza.

"Mama Shantel," alisema kwa upole. "Nipe kidogo tu. Tone. Inishike mpaka asubuhi."

Jescah alikikandamiza kichupa kifuani. Alimsikia akitapika uani, akirudi, akikwaruza mbao kwa kucha.

"Unataka nife? Si useme unataka nife! Nitauvunja huu mlango, na nikiingia humo utanitambua!" Teke likatua. Komeo likaruka kwenye misumari yake, na Jescah akasikia mgongo mzima ukitikisika. Aliomba Mungu, akaanza sala akaisahau katikati.

Mzee alikuwa ameamka. Hakuwa na maumivu; sauti yake ilikuwa imerudi ile ya utani wa supu. "Mfungulie, mama," alisema. "Ni mtoto wangu."

"Ni mume wangu, Baba," Jescah alijibu akilia. "Ndiyo maana sifungui."

Nje pakatulia. Utulivu ule ulimtisha kuliko mateke, akageuka akabandika sikio kwenye mbao. Ameanguka? Amekata pumzi? Kisha akamsikia, chini kabisa, karibu na sakafu, upande wa pili wa ubao uleule.

"Jescah." Tangu Shantel azaliwe hakuwa amemwita kwa jina. "Usifungue. Hata nikikuomba namna gani, usifungue. Umenisikia?"

Jescah aliweka kiganja kwenye ubao. Alikuwa anatafuta sauti ya kumjibu kwamba amesikia, ngumi ilipotua tena.

"Fungua! Mwanamke, nimesema fungua!"