Honi Tatu Hazitoshi

Miaka tisa baba yangu hakutia mguu nyumbani kwetu Kasongo, na sababu ilikuwa lori. Siku ya harusi mume wangu Sumaili, dereva wa lori, alinipakia juu ya magunia ya mchele ya tajiri wake, akapiga honi, akaondoka bila kushuka kuaga. Tangu siku ile baba hakumwita mkwe. Alimwita "yule shofa".

Mwaka 1957 Sumaili alipewa konji, likizo ya wiki mbili, na alikuwa amenunua gari lake mwenyewe, dogo na kuukuu. Nikamwambia tunakwenda kutembea hadi Kabambare, na njiani tunalala kwa baba. Nilitaka wapatane, na safari hii mwendo ningepanga mimi.

"Kabambare ni siku moja tu," alisema. "Nilipita kule mara ngapi?"

"Ulipita na mizigo ya muzungu. Sasa uko na bibi yako. Siku tatu."

Alinuna, akakubali. Siku ya kwanza alijitahidi kweli. Niliposema tule, alisimama, lakini injini hakuizima. Alitafuna wali na sombe ya majani ya muhogo, mkono mmoja ukiwa kwenye usukani, utadhani tajiri wake amejificha majanini anamchungulia. Nilicheka, kisha nikaona uchungu.

Siku ya pili mvua ilinyesha asubuhi, na mlinzi wa barabara akafunga kizuizi mpaka udongo ukauke. Tulikaa pale kwa muda wa saa nne. Kizuizi kilipofunguliwa, mguu wa shofa ulirudi palepale kwenye pedali ya mafuta. Nilimwambia aende polepole, nikamwambia tena. Hakusikia.

Kijiji cha baba kikatokea. Baba, niliyekuwa nimempelekea habari, alikuwa amesimama kando ya barabara na kanzu nyeupe, yeye ambaye hamsimamii mtu. Sumaili akapiga honi tatu, akapunga mkono, tukapita.

Niligeuka nikimtazama baba mpaka akapotea nyuma yetu. Tulikwenda kama kilomita mbili ndipo nikapiga kelele.

"Umepita baba yangu!"

"Nimemusalimia. Honi tatu, ile ya kusalimia wakubwa! Tumechelewa, Subira. Tutalala kwake wakati wa kurudi."

"Simama."

Hakusimama. Nikafungua mlango gari likienda. Hapo akakanyaga breki.

Nilivua viatu, nikashuka matopeni. "Geuza gari," nikamwambia. "Na usinipite."

Nikatangulia katikati ya barabara. Nyuma yangu injini ilinguruma kwa gia ya kwanza.

"Panda, Subira! Batu wanatuangalia."

"Waangalie."

Nilikuwa na hasira ya miaka tisa, na miguu ilinitosha. Katikati ya njia injini ikanyamaza. Nikajua amechoka nami. Nikageuka niende kumtukana, nikamwona anakuja kwa miguu, suruali imekunjwa, viatu mkononi.

"Na gari?"

"Iko pale. Haina haraka."

Tukaenda bega kwa bega. Baba alikuwa bado amesimama palepale. Hakunitazama mimi. Aliitazama miguu ya Sumaili, tope mpaka magotini, akaitazama kwa muda mrefu. Sumaili akachutama mbele yake, akampa mikono miwili.

Baba akageukia nyumba.

"Leteni maji ya kunawa miguu," akaita. "Mukwe wangu amefika."