Usiizime

“Umefuta nini hasa?” mwalimu aliuliza kwenye simu.

Fundi alikuwa amejibanza nyuma ya rafu ya karatasi, kiganja kimekinga mdomo ili watu wa maabara wasimsikie. Alimsomea jina la folda herufi kwa herufi.

“Mwalimu?”

“Nipo. Mashine bado inawaka?”

“Inawaka. Inafanya kazi kama kawaida.”

“Basi usiizime, mwanangu. Ikizimika, huenda isiwake tena.”

Fundi alikuwa katika mwezi wake wa tatu wa majaribio kama mtunza kompyuta wa hospitali. Kabla ya hapo alitengeneza simu kwenye kibanda kisichozidi upana wa mlango. Asubuhi hiyo kompyuta ya benki ya damu, hapo maabara, ilimpa onyo kwamba sehemu moja ya kumbukumbu imejaa. Alipoifungua alikuta vifaili vidogo vidogo vyenye majina marefu yasiyosomeka. Akavifuta. Mfumo ukamkatalia. Akajaribu tena, ukamkatalia tena. Akaona huo ni ukaidi wa mashine kuukuu, akaondoa ulinzi, akavifagia vyote.

Mwalimu alimweleza polepole, kama zamani chuoni. Kompyuta ikiwashwa, wa kwanza kuamka si mfumo unaouona kwenye kioo, ni programu ndogo iliyomo ndani ya bodi yenyewe. Hiyo ndiyo inayouamsha mfumo, ikaukabidhi kazi, kisha ikajitoa. Lakini haitoki yote. Inaacha huduma chache: kusoma saa, kuwasha upya, kuandika kwenye kumbukumbu yake ya ndani. Kiini cha mfumo, ile sehemu inayoongoza mengine yote, kikitaka kubadilisha kitu humo hakijifanyii chenyewe, kinaiomba ile programu.

“Vile havikuwa vifaili vya diski,” alisema mwalimu. “Kila ulipofuta kimoja, kiini kiliiomba bodi ifute kumbukumbu yake, nayo ikatii. Bodi nyingine zikiwashwa hujiandikia upya, taratibu. Nyingine nimeziona zikifa kabisa. Ya kwenu sijui.”

Fundi alipokata simu, shemeji yake alikuwa mlangoni. Alikuwa mdogo wa marehemu mumewe, fundi umeme wa hospitali, na ndiye aliyemwambia kuna nafasi ya kazi.

“Shemeji, mbona umejificha kama paka aliyemwaga maziwa?” Alicheka peke yake. “Saa nne kamili nakata umeme wa jengo hili, nabadilisha swichi kuu. Dakika arobaini hivi. Betri yenu ya akiba inashika muda gani?”

“Robo saa.”

“Basi zimeni vitu vyenu mapema.”

Ilikuwa saa tatu na dakika ishirini. Shemeji akaondoka akipiga mluzi.

Wazo lilimjia lenyewe, na lilimtisha kuliko kosa lenyewe. Umeme ungekatwa, mashine ingekufa, na kila mtu angesema ni swichi. Shemeji alikwishapewa onyo moja, siku jokofu la dawa lilipoungua. Onyo la pili lingekuwa barua ya kufukuzwa kazi. Yeye hakuhitaji kusema uongo wowote. Angekaa tu.

Simu ya maabara ikalia. Mkuu wa maabara, mwanamke mrefu ambaye wote walimwita Daktari ingawa alikataa, alisikiliza, kisha akavuta kibodi.

“Chumba cha upasuaji,” aliwaambia wenzake bila kuinua kichwa. “Mama amejifungua, damu haikatiki. Kundi lake ni adimu.” Vidole vyake vilikimbia. “Nina mifuko miwili. Rafu ya tatu, namba za mwisho sita-moja na sita-nne. Bila mashine hii ningekuwa napekua jokofu zima.”

Fundi alitazama saa ya ukutani. Alisikia sauti yake ikisema, “Daktari, usiizime hiyo kompyuta.”

“Kwa nini niizime?”

“Saa nne umeme unakatwa. Na ikizimika haitawaka. Nimeiharibu mimi.”

Akasema yote, pamoja na ulinzi alioutoa kwa mkono wake. Mkuu wa maabara alivua miwani.

“Shemeji yako anajua?”

“Hajui. Alikuja hapa, nikanyamaza.”

“Ukaona imfie yeye mkononi.”

Mkuu wa maabara alivaa tena miwani, akabonyeza kitufe, na printa ikaanza kutema orodha ya mifuko yote. “Diski unaweza kuinakili?”

“Ndiyo. Nikipata saa mbili.”

“Kazitafute kwa shemeji yako. Mwenyewe.”

Alimkuta shemeji chumba cha umeme, ghorofa ya chini, kifuniko cha swichi kimeshafunguliwa, bisibisi mkononi. Alimweleza amesimama, maana alijua akikaa atalia. Shemeji alisikiliza mpaka mwisho.

“Ungeniacha nikate?”

“Ilibaki kidogo.”

Shemeji akaanza kurudisha parafujo, moja baada ya nyingine, taratibu kuliko ilivyohitajika. “Nenda kanakili mambo yako,” alisema. “Ukimaliza, uniambie.” Hakumwita shemeji.

Kunakili kulimchukua hadi saa sita kasoro dakika chache. Kila taa ilipopepesa, aligeuka kuitazama mashine. Alikagua nakala mara mbili kwenye kompyuta ya akiba, akatafuta sita-moja na sita-nne, akaziona. Chumba cha upasuaji walipiga simu kusema mifuko miwili imetosha. Mkuu wa maabara alisema ahsante, akakata, hakumgeukia.

“Haya,” alisema. “Mwambie.”

Umeme ukakatika. Betri ya akiba ikaanza kupiga kengele yake nyembamba, na wote wakaisikiliza. Baada ya robo saa kioo kikazimika, na sauti ya feni, ambayo hakuna aliyewahi kuigundua, ikatoweka chumbani.

Umeme uliporudi, shemeji alipanda mwenyewe akasimama mlangoni, mikono ina vumbi. Fundi alibonyeza kitufe. Feni ikazunguka. Taa ya kijani ikawaka. Kioo kikabaki cheusi.

Akanyoosha kidole kuelekea kitufe tena.

“Subiri,” alisema mkuu wa maabara, akavuta kiti, akakaa karibu naye.

Shemeji hakuondoka mlangoni. Feni iliendelea kuzunguka, na katika kioo kile cheusi waliweza kujiona wote watatu, wakitazama.