Wapangaji wa Ndani ya Simu

Hasira ya mtu mpole ni kama pasi ya moto. Haitoi moshi, haipigi kelele, imekaa zake kimya mezani; iguse uone. Ndivyo alivyokuwa Mama Pazia asubuhi aliyoingia dukani kwa muuza simu. Simu yake aliishika kwa kipande cha kitambaa, kama mtu aliyebeba kaa. Na kweli ilikuwa inaunguza.

Mtaa mzima ulimwita Mama Pazia kwa sababu ya kazi yake. Hakuna dirisha pale, hata la chooni, ambalo pazia lake halikupita chini ya sindano ya cherehani yake. Alikuwa mtu wa kucheka na wa vitendawili. Mteja akija kuchukua kitambaa chake alitegwa kwanza, ndipo akapewa. Siku ile hakucheka.

"Kitendawili," alisema, salamu hakutoa.

Muuza simu, shati limepigwa pasi mpaka linasimama lenyewe, akatabasamu. "Tega, mama."

"Nimepewa nyumba mpya, nimekuta wapangaji ndani. Wanakula kwangu, wanalala kwangu, kodi hawalipi, na nikitaka kuwatoa naambiwa funguo si zangu."

"Hiyo ngumu. Chukua mji, mama."

"Mji kaa nao. Nataka hawa watoke." Akaiweka simu juu ya meza ya kioo. Ndani yake mlikuwa na programu za kila aina: mchezo wa kubahatisha, duka la viatu, habari za watu maarufu na ndoa zao, na mmoja aliyejiita Msafishaji, ambaye ndiye aliyekuwa mchafu kuliko wote. Hakuna hata mmoja aliyekaribishwa na Mama Pazia. Simu alitumiwa na mwanawe wa kwanza, mpya ndani ya boksi lake, na siku ile ile alipoiwasha wapangaji walikuwa wameshatandika mikeka.

"Ah, hizo zimekuja na simu," alisema muuza simu. "Zinawekwa kiwandani. Zichukulie kama zawadi."

"Zawadi mtu hurudisha."

"Hizi hazirudi, mama. Unaona hiki kitufe cha kuondoa? Kimefifia, hakibonyezeki. Wewe zipuuze tu."

"Nizipuuze," alisema Mama Pazia, polepole, kama anayeonja chumvi. "Haya. Kaa nikueleze ninachotakiwa kupuuza."

Akamweleza. Alikuwa na binti mmoja, kitinda mimba, ambaye hakusikia tangu utotoni. Nyumbani walimwita Kasuku, kwa utani, maana mikono yake haikunyamaza hata usingizini. Mama na mwana walikuwa na ishara zao walizozitunga wenyewe jikoni na kando ya cherehani, kabla shule haijamfundisha zile za vitabuni, na wakakoroga zote zikawa lugha moja. Wanaoijua vizuri duniani walikuwa wawili: mama yake, na mume wa Kasuku mwenyewe, dereva wa lori ambaye wiki nyingi yuko njiani. Kasuku alikuwa anafanya kazi katika kiwanda cha mikate, mji wa mbali, na sasa alikuwa mjamzito. Hospitali ya kule hakuna aliyejua hata ishara ya maji. Kwa hiyo kila akienda kliniki alisimamisha simu yake mbele ya daktari, na mama yake, akiwa nyumbani, akawa ulimi na sikio lake kwa simu ya video.

"Wiki iliyopita," alisema Mama Pazia, "daktari aliuliza kama kuna dawa inayomdhuru. Mwanangu akainua mikono aeleze ile sindano iliyotaka kumuua utotoni. Mikono ile pale, naiona. Mara likaruka gurudumu la bahati, likafunika kioo chote. Hongera! Umeshinda! Sarafu zinamwagika kama mvua. Mimi natafuta kialama cha kufungia, kidogo kama yai la chawa. Kukipata, simu imeganda. Daktari ana foleni, akadhani kimya ni jibu. Wakamchoma sindano ile ile. Mwanangu amevimba uso mpaka macho yakaziba. Kwake macho ndiyo masikio, unanielewa? Alikaa gizani, hajui nani anamshika, hajui kwa nini." Akainama karibu na kioo. "Hicho ndicho unachoniambia nikipuuze."

Muuza simu alitazama pembeni. "Pole, mama. Lakini mimi nauza tu."

"Najua. Na aliyetengeneza atasema alitengeneza tu, na mwenye gurudumu atasema alitangaza tu. Wote hamkufanya kitu. Sura ilijivimbia yenyewe."

Akaondoka na kaa lake.

Binti wa kaka yake alikuwa fundi simu, na watu walimwita Bisibisi kwa sababu hakukosa moja nyuma ya sikio. Kibanda chake kilikuwa chini ya ngazi za jengo la maduka, kila mtu akipanda juu vumbi lilishuka mezani kwake, naye alilipangusa kwa mswaki mkuukuu. Alisikiliza habari yote bila kuinua macho kutoka kwenye simu aliyokuwa akiichomelea.

"Shangazi, dawa yake ni kuiruti."

"Kuifanyaje?"

"Kuiruti. Tunamnyang'anya mwenye kiwanda ufunguo mkuu, tunakupa wewe. Saa hizi simu ni yako ya kubeba tu. Ndani yake wewe ni mgeni."

"Mgeni! Humo humo ninamonunua vifurushi mimi?"

"Mgeni mwenye kulipa. Ila sikiliza. Nikishairuti, dhamana ya dukani imekufa. Picha zako lazima tuzihamishe kwanza, maana simu itafutika yote. Na ukiwa na ufunguo mkuu hakuna mlango utakaokuzuia, hata ule unaotakiwa ukuzuie. Ukivunja nguzo, nyumba ni yako, na paa ni lako."

"Vunja, mwanangu. Dhamana yenyewe imenidhamini nini?"

Bisibisi akacheka, akaunganisha simu na kompyuta yake. Kioo kikawa cheusi, kikaandika mistari midogo kama sisimizi wanaohama, kikawaka. Akaweka programu moja ya kuorodhesha kila kilichomo ndani, vinavyoonekana na vilivyojificha. Mama Pazia akashika kifua. "Wote hawa wanaishi humu?"

"Na wengine hawana hata dirisha. Sasa hapa hatufuti, tunagandisha tu."

"Kwa nini tusiwafute wakapotea kabisa?"

"Aliyegandishwa unaweza kumwamsha. Aliyefutwa umeshamzika, na baadaye ukaja kukuta ndiye aliyekuwa anashika taa. Gandisha mmoja, zima simu, washa, jaribu simu ya video. Ikikubali, ndipo uende kwa mwingine. Haraka hapa haina baraka, shangazi. Mmoja mmoja."

Msafishaji akagandishwa wa kwanza, kwa heshima zake zote. Likafuata gurudumu la bahati, na Mama Pazia alilibonyeza mwenyewe, kidole kimekaza kana kwamba anamtumbua mtu jicho. Viatu, watu maarufu, ndoa zao. Simu ikaanza kupoa mkononi.

"Na nyingine hizi tulizobakisha," alisema Mama Pazia, "nataka kila moja ikitaka kamera yangu au sauti yangu iombe kwanza. Kila mara."

"Hata ile ya simu ya video?"

"Hata hiyo. Hodi ni hodi, haijalishi ni ndugu."

Bisibisi akaweka hivyo.

Ingeishia hapo, ingekuwa vizuri. Lakini hasira ni mgeni asiyejua kuaga. Mchana ule Mama Pazia alikaa kwenye kiti cha cherehani, pazia la watu limeninginia nusu, akaifungua ile orodha tena. Alisoma jina moja baada ya jingine, na kila jina alilolisoma aliiona sura iliyovimba. Nani huyu? Simjui. Aligandishwa. Na huyu, kaja na nani? Aligandishwa. Kuzima na kuwasha alianza nako, kisha akaona kunamchelewesha. Mmoja mmoja ni kwa watu wasio na uchungu.

Akakutana na mmoja aliyeandikwa Msimamizi wa Ruhusa.

"Ehe," alisema kwa sauti, na hapakuwa na mtu chumbani. "Kumbe mkubwa wao ni wewe. Ndiye unayewaruhusu. Nani kakupa usimamizi nyumbani kwangu?"

Akambonyeza. Simu ikamuuliza kama ana hakika. Hajawahi kuwa na hakika kama ile.

Hakumaliza hata kulishona upindo lile pazia, simu ikalia. Kasuku, simu ya video, siku zake hazijatimia. Mama Pazia akabonyeza kupokea. Programu ikafunguka, ikapepesa, ikajifunga. Ikalia tena, akabonyeza, ikafunguka, ikafa. Mara ya tatu hivyo hivyo. Kisha ukaingia ujumbe, neno moja tu: MAMA. Na mwingine nyuma yake: MAMA. Na wa tatu: HOSPITALI, UCHUNGU.

Moyo ukamshuka hadi kwenye pedali. Simu ya kawaida ilikuwa bado inafanya kazi, akampigia Bisibisi.

"Inafunguka inakufa! Yuko hospitali, uchungu umemshika, inafunguka inakufa!"

"Shangazi, umegandisha nini?"

"Kila nisiyemjua."

"Nisomee majina. Anza na wa mwisho."

Akasoma. Alipofika kwa Msimamizi, Bisibisi akapiga kelele. "Huyo! Huyo ndiye bawabu! Ulisema kila programu ibishe hodi; sasa inabisha, na wa kuifungulia umemlaza kwenye barafu. Ikikosa jibu inaanguka palepale. Mwamshe, zima simu, washa. Ruhusa ikiombwa, kubali. Tutagombana kesho."

Akamwamsha. Akazima, akawasha. Zile nukta za kuwaka zilizunguka, zikazunguka, naye akazitukana zote, akamtukana mwenye kiwanda, akamtukana mwenye gurudumu, akafika kwa mshona mapazia mmoja mjinga asiyesikia la fundi, huyo akamtukana zaidi ya wote. Kioo kikatulia. Simu ikalia. Swali likatokea: programu inaomba kutumia kamera, uruhusu? Akaruhusu.

Kasuku alikuwa amelala ubavu, jasho limembandika nywele usoni. Lakini mikono yake haikusema kitu. Muuguzi mmoja mnene alikuwa ameikandamiza kitandani yote miwili, mwingine anatafuta mshipa nyuma ya kiganja achome dripu. Macho ya Kasuku yalipomwona mama yake kwenye kioo yalijaa.

"Mwachieni mikono!" Mama Pazia alipiga ukelele, na sauti yake ikaruka katika wodi ile ya mbali hata mtu akaangusha beseni.

Muuguzi akageuka. "Mama, anarusharusha mikono, tunashindwa kumhudumia."

"Harushi, anasema! Hiyo ndiyo midomo yake. Wewe ningekuziba mdomo kwa kiganja halafu nikuulize unaumwa wapi, ungenijibu? Mwachie!"

Wakamwachia. Mikono ikainuka, ikaanza.

Sasa, miaka yote ya kumsemea mwanawe, Mama Pazia alikuwa na tabia moja. Alilainisha. Kasuku akisema "huyu mjinga anataka nini," mama hutafsiri, "anakusalimu, anauliza akusaidie nini." Alifanya hivyo dukani, shuleni, hata kwa wakwe. Watu wakamsifu Kasuku kwa upole ambao hakuwa nao. Siku ile alifungua kinywa alainishe, akakuta hana kitu cha kulainishia.

"Anasema," alitafsiri, "mara ya kwanza mlinichoma bila kunisikiliza, nikapofuka siku nzima. Anasema, leo atakayenigusa kabla hajaniambia anafanya nini nitamng'ata, na meno ninayo yote. Anasema, sindano ile isije karibu, jina lake limeandikwa kwenye kadi ambayo hamjaifungua. Anasema dripu chomeni mkononi huku juu, si kwenye kiganja. Anasema ninyi ng'ombe."

Daktari, mwanamke mwenye miwani, alikuwa ameshaingia na kusimama mlangoni. "Ndivyo alivyosema? Hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo, daktari. Sijapunguza hata ng'ombe."

Daktari akaifungua kadi, akaisoma, akamtazama muuguzi. Akaichukua simu, akaisimamisha kwenye meza ya dawa, mahali Kasuku angeona mikono ya mama yake bila kugeuza shingo. Dripu ikachomwa kwenye mkono, juu. "Mwambie nampima mlango wa kizazi," alisema daktari, akasubiri. Mama Pazia akasema kwa mikono. Kasuku akaitikia, ndipo daktari akaanza.

Jioni ilikuwa inaingia dirishani wakati mama huyu anatafsiri. Pumua. Usisukume bado. Anauliza maumivu yako mgongoni au mbele. Mabega yalimuuma kuliko siku ya kushona mapazia ya ukumbi. Simu ilikaa poa, kimya, haikuleta hongera yoyote. Sukuma. Tena. Pumzika. Sukuma, mwanangu, na matusi tukana, nitawafikishia.

Kisha wote wakainama upande mmoja, migongo ikaziba kila kitu, na Mama Pazia akasikia. Kasuku hakusikia. Alimkazia mama yake macho, akauliza kwa kidole kimoja tu: vipi?

Mama Pazia akatafuta ishara ya kulia, ile ya machozi mashavuni, akaona haitoshi. Kile kitoto hakikuwa kinalia, kilikuwa kinafoka. Akainua ngumi zote mbili, akazitikisa mbele ya kioo.

"Anagomba," alimwambia. "Amefika anagomba."

Kasuku akacheka, akaomba apewe mtoto.